Ndoyi wa Tantine

Siku Tonton Lambert alipompeleka Nadège, binti wa ndugu yake mdogo, kwenye kituo cha afya ili azoee harufu ya dawa, nusura mgonjwa mwenyewe asahaulike. Alikuwa ameletwa kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, amegongwa na pikipiki huku abiria wake bado yuko nyuma ya baiskeli, na paja lake limepasuka. Arsène, muuguzi rafiki wa tonton, akampa msichana tochi amulike. Nadège akamulika. Akaiona damu ikishuka kitandani, ikagusa sakafu, ikaanza kuja taratibu upande wa kandambili zake. Masikio yakaziba. Alipofumbua macho alikuwa amelazwa kwenye benchi la nje, kichwa chapachapa kwa maji, na yule kijana wa toleka, paja limeshonwa, ndiye anayemuuliza kama amepata nafuu.

Tonton alicheka njia nzima. "Bon, si kitu," alisema. "Hata tantine yako alianza vile vile. Kiisha akazoea."

Tantine yako. Nadège alilisikia neno hilo kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mahakamani.

Tantine mwenyewe, shangazi huyo, alikuwa Nadège wa kwanza, dada mkubwa wa Tonton Lambert na kifungua mimba wa Koko Micheline, bibi wa msichana. Alifanya kazi Yangambi, akafa wakati tonton bado ni mtoto wa shule ya msingi. Miaka mingi baadaye ndugu yao mdogo alipopata binti, jina likarudi nyumbani. Na kwa watu wetu wa mtoni jina halirudi mikono mitupu. Mtoto ni ndoyi wa yule aliyempa jina, na ndoyi hupokea jina pamoja na mizigo yake yote: mwendo, kicheko, ukali, bahati. Nadège hakuwa amejua hata kutambaa, majirani wakamwita Docta. Wakimwona anamfunga kuku kitambaa mguuni, wanatazamana: si mnaona? Mtoto wa watu alikuwa anacheza tu.

Koko ndiye peke yake ambaye hakumwita Docta. Alimwita "ndoyi", au "mama". Jina lenyewe halikumtoka kinywani hata siku moja.

Picha ya tantine ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Amevaa bluzi nyeupe, lile koti la wauguzi, ameshika kitu kidogo cha kijani kifuani, ambacho nyumba nzima ilisema ni pakiti ya dawa. Nadège alikula chini ya macho hayo, akafanyia hesabu zake chini ya macho hayo. Alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza koko tantine alikufa kwa nini. Koko alisema, "Ni kazi ndiyo ilimuua," akageukia sufuria yake ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Basi. Mtu mzima huona amejibu. Mtoto akabaki na jibu hilo usiku na mchana, akalijaza mwenyewe: wagonjwa wanatapika damu, bluzi inalowa, tantine anaanguka juu yao. Na yeye ni ndoyi.

Sasa alikuwa amemaliza darasa la nane, na darasa la nane ndipo njia inapogawanyika. Mtoto huchagua section, yaani mkondo wa masomo atakaofuata hadi diploma: ualimu, biashara, kilimo, ushonaji, umeme, uuguzi. Husemwa huchagua. Nyumbani kwa Tonton Lambert uchaguzi ulikwisha siku ya ubatizo. Baba na mama wa Nadège walikuwa Ubundu na biashara yao ya samaki, wakamwachia tonton mambo ya shule, na tonton, mtu wa ofisini Makiso, katikati ya Kisangani, mpole mpaka pale anapojua jambo, alikuwa anajua jambo hili. Ilikuwa imebaki tu kwenda kumwambia Madame Viviane, mshauri wa shule, ambaye hamwandikishi mtoto mpaka amwone uso kwa uso na mkubwa wake.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, umeme ulirudi kwa kishindo na prizi, soketi ya umeme ya sebuleni, ikatema cheche. Tonton alikuwa uani kabla ya mtu kujua amepita mlango gani. Binamu zake Nadège wakamfuata mbio, mmoja na kiatu kimoja. Nadège aliinuka, akazima swichi kuu, akachukua bisibisi kwenye kopo la vijiko, akafungua prizi. Waya mmoja ulikuwa umelegea. Aliukaza, akafunga, akawasha, akarudi kwenye sahani yake. Hakufikiri lolote juu yake. Alikuwa anafikiri juu ya kesho.

Asubuhi Koko Micheline alijifunga kitambaa chake kizuri, akasema anakwenda nao. Tonton alimwambia ofisi ya shule iko juu, ngazi ni nyingi. "Iko mambo ya ndoyi," koko akasema. "Mi nitabaki hapa kufanya nini?"

Ofisi ya Madame Viviane ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kutazama mto. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtoto, si mkubwa, hata mkubwa anapozungumza. Nadège alikaa kati ya tonton na koko.

"Madame, kwetu hakuna maneno mingi," tonton alianza. "Huyu iko ndoyi ya dada yangu. Dada yangu alikuwa muganga, docta ya hospitali, kule Yangambi. Donc, tunamutia ku uuguzi. Mambo imekwisha."

"Sawa, papa," alisema Madame Viviane. Macho yake hayakumtoka msichana. "Nadège, ile kazi ya tantine, unaijua? Asubuhi akifika pale, alikuwa anafanya nini?"

Nadège alifungua kinywa. Alitaka kusema anawapa watu sindano, jibu la kila mtu, jibu jepesi, waende zao. Lakini alipofikia neno "watu" aliiona damu ile ikija tena kwenye sakafu, na woga alioukalia miaka yote ukamponyoka.

"Anakufa," alisema. "Ile kazi ilimuua. Nayo itaniua na mimi. Mi ndoyi yake."

Hakupiga kelele. Aliyasema kama mtu anavyosema saa. Tonton aligeuka akamkodolea macho. Koko Micheline alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nani alikuambia vile?" koko aliuliza.

"Ni wewe, koko."

Chini, bandarini, chombo kilikuwa kinapiga honi, na hakuna aliyekitazama. Nadège alijua ameharibu. Alingoja kofi, au kilio, na hakujua kipi kingekuwa kibaya zaidi.

"Lambert," koko akasema, "dada yako hakutibu hata mutu moja. Alikuwa muganga ya miti."

Tonton Lambert aliruka, akautazama mlango aone kama umefungwa vizuri. Msomaji asimcheke. Kisangani muganga ni daktari tu, lakini ukisema muganga wa miti, watu hawasikii mtu anayetibu miti. Wanasikia mtu anayetibu kwa miti, mchimba mizizi, na nyuma ya mizizi wanaona pembe, hirizi na mambo yasiyosemwa kanisani. Na tonton alikuwa shemasi.

"Mama, unasema nini hapa?"

"Nasema kweli. Kahawa ikigonjwa, kakao ikigonjwa, njo yeye docta yao. Ile bluzi iko ya laboratoire. Na kile kitu ku mukono, kwa picha, si dawa. Iko jani. Hamukuangalia hata siku moja?" Alivuta pumzi. "Alipokufa, nikasema kwa kikundi cha maombi, mutoto wangu alikuwa muganga ya miti. Siku ya yenga yenye kufuata, kanisani, hakuna mutu alikaa na mimi benchi moja. Eh, nikakata ile neno. Nikabakisha muganga tu. Ile waliipenda. Wakarudia kukaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja lilikatwa ili mama aliyefiwa apate mahali pa kukaa kanisani, na lililobaki likakua, likavaa bluzi, likamfuata mtoto ambaye hajazaliwa.

"Na damu, koko?" Nadège aliuliza. "Aliizoea?"

"Damu?" Koko alikaribia kucheka. "Kuku tu ikichinjwa, alikuwa anakimbia mupaka kwa majirani. Njo sababu alienda kwa miti. Alisema miti haipige kelele."

Msichana akamgeukia. "Basi nini ilimuua?"

"Maji. Alikuwa anarudia nyumbani, chombo kikajaa kupita, kikazama karibu na Yangambi. Kazi njo ilimupeleka kule, kwa hiyo nasemaka ni kazi. Sikupenda kutaja mto. Tuko watu ya mto, tutaenda wapi?"

Tonton alijifuta uso kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni. Mtu mwingine angeomba maji ya kunywa. Yeye akakaa sawa kwenye kiti.

"Alors," alisema, "basi iko kilimo. Madame, tunabadilisha. Ndoyi iko ndoyi. Ataenda kusomea Yangambi."

Nadège alitazama dirishani, akauona mto. Haukuwa umefanya lolote, ulikuwa unapita tu, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na yeye akahisi maji yamemfika shingoni. Damu ilikuwa imeondoka na mto ukaja kukaa mahali pake, bila hata kiti kupoa. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye kituo cha afya, maana sasa aliona wazi: wangemhamisha kutoka kifo hiki hadi kile, kwa upendo kabisa, mpaka jina lishibe.

"Ngoja, papa," alisema Madame Viviane. Akasogeza kiti chake kumkaribia msichana. "Nadège. Mambo ya kuogopa nimeyasikia. Sasa niambie kitu kimoja. Iko kitu wengine wanaogopa, na wewe hapana?"

Alifikiri hakuna. Alikuwa mwoga, nyumba nzima ilijua. Kisha akayatazama mabega ya tonton, akayakumbuka yakipenya mlangoni jana jioni.

"Kurant," alisema.

"Electricité? Ile iko kazi ya vijana wanaume," tonton akasema.

"Papa, kwenu prizi ikipiga moto, nani anaitengeneza?"

Tonton aliyachunguza mafundo ya vidole vyake. Shemasi hasemi uongo mbele ya mama yake. "Huyu," alisema mwishowe.

"Wapi alijifunza?"

"Hata sijui. Anafungua tu."

"Tantine yake hakujua kurant," koko alisema polepole, kama anayemtafuta mtu katika umati na kumkosa. "Kule kijijini Yanonge tulikuwa na taa ya mafuta tu. Hapana. Hii haitoke kwake."

"Na jina?" tonton aliuliza. Hakuwa mkali tena. Alikuwa ndugu aliyepotelewa na dada mara ya pili. "Mama, jina itabebwa na nani?"

Koko alikaza kitambaa chake kichwani. Madame Viviane alimtazama tonton, akangoja. Nadège alijua kwamba tonton akisema hapana, ni hapana, na woga wake wote utarudi nao nyumbani kwa miguu. Tonton alikohoa. "Andika, Madame," alisema. "Andika ile kurant."

Nadège alisimama. Karakana ingejaa wavulana, alijua, na mwalimu angemuuliza kama amepotea. Hata hilo liliogopesha, lakini lilikuwa la kwake.

Tonton alitangulia kushuka, akimung'unya maneno peke yake. Koko Micheline alifika penye ngazi, akasimama, akazitazama zinavyoshuka.

"Nadège," aliita. "Nishike mukono."

Msichana hakuwa amezoea jina hilo kinywani mwa koko; aligeuka kutazama nyuma aone ni nani anayeitwa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Akampa koko mkono wake, wakashuka.