Kabeji Lazima Zishuke

Lori la Estimé lilichomwa moto Estimé mwenyewe akiwa ndani. Tangu siku hiyo hakuna dereva mwingine aliyethubutu kushusha mboga kutoka Fondeblan, kule mlimani, kwenda mjini. Amri ilikuwa ya Bazil, aliyeiteka barabara kwenye kona ya machimbo na watu wake wenye bunduki: wakulima wote wa mlimani wamuuzie yeye, kwa bei yake, naye ndiye ataamua nani ale huko chini. Wakulima wakagoma. Basi kabeji zikaoza mashambani, na kule mtaani Site Jasmen watu wakawa wanakula wali mkavu wa magunia ya ng'ambo, asubuhi wali, jioni wali, hadi watoto wakaota vidonda midomoni.

Idamante alikuwa akiuza mboga za Fondeblan pale mtaani tangu usichana wake. Alipochoka kuulizwa "Mama Ida, leo pia hakuna?" alijifunga kanga kiunoni, akapanda mlima kwa miguu. Uvundo wa kabeji ulimpokea kabla ya watu. Akamkuta Seradieu, mkulima wake wa siku zote, akizifukia kwa jembe.

"Shemeji, unazika chakula?"

"Nizike nini tena? Estimé tulishamzika."

"Kuna njia ya korongoni."

"Ile ni ya mbuzi, Ida."

"Basi tuwe mbuzi. Mbuzi si wanafika?"

Osena, mkewe Seradieu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Na makalio hayo, wifi? Mbuzi gani huyo?"

Kesho yake baragumu la kome likalia, kama linavyolia watu wakiitana kulima shamba la mwenzao. Wakaja. Huyu anakata kabeji, yule anang'oa karoti, wengine wanafunga viazi na vitunguu majani kwenye matandiko ya nyumbu. Wakapatana kwamba wanawake na nyumbu watapita chini, korongoni, na wanaume watafuata ukingoni juu wakiwa na mapanga. Seradieu akakataa kukaa juu. "Nyumbu wangu hawamjui mtu mwingine," alisema.

Jua lilikuwa limeshapanda walipofika kwenye kivuko cha mto. Pale, juu ya jiwe, waliketi watu watatu wa Bazil wenye bunduki, mmoja anakula embe.

"Aah, harusi hii!" akasema mla embe, jamaa mnene mwenye miwani ya jua. "Bibi harusi ni nani? Wewe mzee?"

Seradieu hakusimama. Alishika kamba ya nyumbu wa mbele akaingia majini. "Chakula hiki ni cha watu," alisema. "Tupisheni."

Yule mnene alimpiga risasi ya tumbo, embe lingali mkono wa pili. Seradieu akaketi majini taratibu, kama mtu anayetaka kuoga. Nyumbu wakapiga kelele, wakarukiana. Kabeji zikaanza kuelea kumzunguka.

Idamante alimjua wa tatu. Alikuwa Wilfranc, mtoto wa Celiane, jirani yake mlango kwa mlango. Alimlisha kwa mkono wake alipokuwa hajaota meno.

"Wilfranc! Mama yako hajala mboga tangu lori liungue. Hizi ni zake!"

"Geuka urudi, Mama Ida."

"Sirudi."

"Mfunge mdomo huyo!" akafoka yule mnene.

Wilfranc akamfunga. Kitako cha bunduki kilimpata kwenye taya, akasikia mfupa ukivunjika ndani ya kichwa chake mwenyewe. Alipoanguka, nyuma yake baragumu la Osena lililia mara moja, sauti ndefu isiyokata, na mawe yakaanza kushuka kutoka ukingoni.

Jiwe la kwanza lilimvunja mnene bega. Alipoinama kuokota bunduki, Idamante, akijiinua kwa magoti, alichomoa panga kwenye tandiko la nyumbu akalishusha. Mkono ukabaki umeshikwa na ngozi tu. Mtu yule akapiga ukelele, akakimbia nao akiukumbatia kama mtoto mchanga. Mwenzake alikuwa ameshatoweka. Wilfranc alikimbia pia, ila aliteleza kwenye mawe yenye ukoga, akaanguka kifudifudi, na bunduki ikaenda na maji.

Wanaume wakashuka. Wakamzunguka.

"Mama Ida!" alilia. "Waambie! Waambie mimi ni nani!"

Idamante alitaka kuwaambia. Taya halikufunguka, likatoa damu na meno mawili. Basi akatambaa, akamlalia juu. Alisikia moyo wa Wilfranc ukipiga chini ya kifua chake.

Osena akaja. Gauni lake lilikuwa limelowa damu ya mumewe hadi magotini. Hakupaza sauti.

"Toka, Ida. Usinifanye nikuchanganye naye."

Idamante akatikisa kichwa. Wakamnyanyua, wawili mikono, wawili miguu, wakamweka kando kama wanavyoweka gunia la viazi, bila kumuumiza. Hakutazama. Lakini mapanga yana sauti yake yakiingia, na sauti haifumbiwi macho.

Walipomaliza, wakafuta mapanga kwa nyasi. Osena alinawa mikono kivukoni, akawageukia.

"Mzee wangu hakufa ili hizi zioze. Kabeji lazima zishuke. Huyu naye ashuke kwa mama yake."

Wakateremka. Seradieu alirudishwa mlimani na ndugu zake. Wilfranc alifungwa juu ya nyumbu wa mwisho, amefunikwa kwa turubai, karoti upande huu na karoti upande ule.

Site Jasmen walitoka wote. Waliimba, wakapiga sufuria, kisha kelele zikafa kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri nyumbu wa mwisho alivyopita. Celiane alisimama mlangoni. Akafunua turubai. Akafunika. Akamtazama Idamante, taya limevimba kama boga.

"Nani?"

Idamante hakuweza kusema. Akanyoosha kidole mlimani, kisha akajigusa kinywa kilichoshindwa kumtetea.

Celiane alichukua kabeji moja, akaitupa matopeni. Ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyemzuia. Alipoishiwa nguvu na kuketi kando ya mwanawe, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama, akaokota ile ya kwanza, akaipangusa kwa upindo wa gauni.

Siku hiyo mtaa mzima ulipika.

Bazil hakuthubutu kuingia korongoni; wakulima walilinda kingo zote mbili, na mboga zikaendelea kushuka kila wiki. Taya la Idamante lilipona likiwa limekwenda upande, maneno yakawa yanamtoka yamepinda. Celiane hakumsalimu tena. Siku ya soko humtuma mtoto wa jirani, na Idamante humchagulia kabeji iliyo nzito kuliko zote, wala hamuulizi ametumwa na nani.