Mpaka Karatasi Ifike

Katika jimbo letu, aliyehukumiwa kifo haguswi na jamaa zake. Wanamwona nyuma ya kioo na kuzungumza naye kwa simu iliyofungwa ukutani. Siku ya kuuawa tu ndipo wanaporuhusiwa kumkumbatia. Kaka yangu Ennis alimuua muuza duka katika wizi, wala hakukana. Tangu hapo mama yetu, Odessa Pruitt, alisubiri kumshika mwanawe, akijua vyema alikuwa anasubiri nini.

Siku iliyopangwa ilipowadia, tulifika gerezani mapema. Langoni askari alitunyang'anya pai ya viazi vitamu ambayo Mama alimwokea Ennis.

"Chakula hakiingii, Bi. Odessa."

"Mnaogopa nitamuua kabla yenu?"

Tulikuwa tumekwisha kupekuliwa, ndipo wakili wetu, Bi. Kessler, alipoingia mbio, simu mkononi.

"Mahakama imesimamisha! Ennis hafi leo!"

Nilimrukia wakili shingoni. Mama aliketi, akafumba macho, akamshukuru Mungu. Kapteni Stroud, mkuu wa zamu, alikohoa.

"Hongereni. Sasa mtamwona kwenye kioo, kama kawaida."

Mama alifumbua macho. "Kioo gani tena?"

"Kukumbatiana ni kwa wanaokufa, Bi. Odessa. Mwanao hafi."

"Kapteni, una mama wewe?"

"Ninaye."

"Masikini. Anajua alichozaa?"

"Sikutunga mimi kanuni hizi."

"Hakuna aliyezitunga! Bibi yangu alikuta kitanzi, mimi nikakuta kiti cha umeme, leo ni sindano. Kila nikiuliza ni kazi ya nani, naambiwa ni kanuni."

Bi. Kessler alianza kueleza rufaa. Nilimkatiza, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na watu wote waliokuwa mle ndani, yeye akiwamo.

"Kapteni, nani amekuambia Ennis hafi?"

"Si wakili wenu huyu?"

"Tangu lini mnaamini neno lake? Aliposema Ennis anaumwa jino, mlidai karatasi. Amri ya mahakama imekufikia?"

"Iko njiani."

"Basi kwa kanuni zenu, bado mnamuua leo."

"Dada, unataka nimuue kaka yako?"

"Nataka ufuate kanuni."

Bi. Kessler alifungua kinywa. Nilimkanyaga mguu, akakifunga. Kapteni alitazama dari kama mtu anayeomba uhamisho.

"Mpaka karatasi ifike," alisema. "Ikifika, nawatoa."

Ennis aliletwa akiwa na minyororo miguuni. Alikuwa na mvi ambazo kioo kilikuwa kimetuficha. Mama alimkumbatia, naye akasimama wima kama mlingoti, mikono ikining'inia. Alikuwa amesahau kinachofanywa na mikono.

"Usilie, Mama."

"Silii. Nimekasirika. Nishike, mtoto wewe!"

Akamshika. Alimng'ang'ania, maana yeye hakuwa ameambiwa lolote, alidhani anaaga. Mama alimvuta sikio karibu na mdomo wake, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Hufi leo. Wamesimamisha. Tulia hivyo hivyo, wasije wakatuachanisha."

Ennis alificha uso begani mwa Mama. Sikujua kama alikuwa anacheka au analia. Alinivuta na mimi, tukabanana watatu, minyororo ikitugonga vifundo vya miguu.

Karatasi ikafika. Kapteni aliisoma mlangoni, akaisoma tena polepole kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Haya, Bi. Odessa." Askari wawili walihitajika kumtoa Mama pale, na aliwatukana wote kwa majina yao.

Ukumbini alijipangusa uso, akaweka kofia yake sawa, akamgeukia wakili.

"Tarehe nyingine wataipanga lini?"

Aliuliza kwa hamu, kama anayeulizia siku ya harusi. Mama akatambua alichosema, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanitazama ili nimkemee.

Sikumkemea. Nami nilikuwa nasubiri jibu.