Vitanda Getini

Mkutano wa kuchagua mfumo wa seva ulifanyika Nachingwea, siku ya Jumanne, baada ya chai na sambusa. Seva yenyewe ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Ndiyo ambayo ingepokea taarifa za korosho kutoka kila ghala la Chama cha Ushirika Tujikwamue, Nachingwea na Ruangwa. Ikizima, mizani haisomi. Mizani isiposoma, hakuna gunia linaloingia ghalani.

Letisia, mtaalamu wa kompyuta aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alieleza kwamba mifumo ya Linux iko mingi, kila mmoja na watengenezaji wake. Alipendekeza Debian. Kama hawaitaki, basi Ubuntu ile inayotunzwa kwa miaka mingi. Zote mbili ni za bure.

"Hiyo Debian, program zake za lini?" aliuliza mwenyekiti, mzee Maximilian.

"Nyingi ni za mwaka juzi, mwenyekiti. Zimejaribiwa mpaka zimechoka kujaribiwa. Seva haitaki mambo mapya kila siku, inataka kutulia."

Kamati ikacheka. Maximilian alianza kupima korosho kabla hajaota ndevu, na jambo moja alilijua vizuri: korosho ya msimu uliopita ni daraja la pili, haina mjadala.

"Dada Letisia, sisi hapa hatupokei mzigo wa mwaka juzi."

"Mashine siyo korosho, mwenyekiti. Ichukulie kama mkorosho. Unautaka ulioota jana au unaozaa?"

"Kwani huko kwenu ndizi mnakula za mwaka juzi?" akadakia Eustakio, katibu, na kamati ikacheka tena mpaka sambusa ikampalia mtu.

Wakachagua Zuhura Linux. Ilikuwa imetoka wiki ileile, bado mbichi, na watengenezaji wake walitoa toleo jipya kila baada ya miezi michache. Kila toleo jipya lingehitaji semina ya kamati, na semina hazifanyiki hapa Nambambo, hufanyika mjini kwa posho.

Zuhura ilikuwa na tabia ya kujisasisha yenyewe mchana, na ikishajisasisha hujizima na kujiwasha upya. Ikijiwasha upya, foleni ya ghala la Ruangwa nayo ilianza upya. Kila mkulima aliyekuwa kwenye foleni alijikuta kitandani alikoamkia asubuhi.

Mara ya kwanza Swaumu, mkulima wa Nandagala, alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake. Alifumba macho kupiga chafya, akayafumbua yuko kitandani kwake, viatu mguuni, vumbi la Ruangwa limejaa kwenye shuka. Mumewe, Bwanali, alikuwa mlangoni ananoa panga.

"Umerudi?"

"Seva imejiwasha upya."

"Vua viatu basi. Hiyo shuka nimefua mimi."

Akala muhogo, akamwita Huzaifa wa bodaboda, akarudi mwisho wa foleni.

"Mama Samia, hii siti sasa niandike jina lako?" alisema Huzaifa, ambaye humwita Swaumu kwa jina la mwanawe.

"Andika jina la mwenyekiti. Ndiye anayenisafirisha."

Watu walirudi makwao, korosho hazikurudi. Magunia yalibaki getini yenyewe kwa yenyewe, yamepanga foleni kwa adabu. Kisha mvua za Desemba zikaanza, na seva ikazoea kujisasisha pale pale mawingu yanapofunga. Mvua ikanyesha juu ya magunia huku wenyewe wamelala chali Nandagala, wanaisikia ikipiga bati. Mlinzi wa ghala, Seleman, alikuwa ameagizwa asiguse mali ya mtu, hivyo hakuigusa. Keshoye ofisi ikabandika tangazo kuhusu magunia yaliyotelekezwa na wakulima.

"Nimetelekeza?" Swaumu alilisoma, akalisoma tena. "Mimi? Nipalilie, nipulizie dawa, niokote korosho moja moja mgongo unalia, halafu nije nizitelekeze hapa kama vitoto vya paka?"

"Mama Samia, mie nalinda tu," alisema Seleman. "Hata hilo tangazo nalilinda."

Letisia alirudi kwenye kamati. Debian alikuwa nayo kwenye flash, ameivaa shingoni kama hirizi. Aliomba mchana mmoja tu wa kuiweka. Maximilian alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba tatizo lipo. Tatizo, alisema, ni kwamba Zuhura iliyopo imeshazeeka. Iletwe mpya. Kamati ikaenda semina Mtwara.

Aliyelifikiria jambo mpaka mwisho ni Swaumu. Kama seva inamrudisha mtu kitandani, basi kitanda kikae panapofaa. Alikifungua kitanda chao cha mninga, akakipakia kwenye guta, akaenda kukiunga tena getini Ruangwa, mbele ya magunia yake, na chandarua juu.

"Na mie nilale wapi?" aliuliza Bwanali.

"Wewe uko foleni gani?"

Swaumu alilala pale getini. Keshoye mchana mawingu yalifunga, seva ikajiwasha upya, na wenzake wote wakatoweka. Swaumu alijikuta kitandani, hatua tatu kutoka kwenye magunia. Alishuka, akavaa ndala, akavuta turubai. Wiki haikuisha, barabara nzima ya ghala ikawa vitanda: vya kamba, vya chuma, na kile cha ghorofa cha mwalimu Makrina, ambaye alisahihishia madaftari juu. Pikipiki zilipita katikati polepole, zikizima honi kwa heshima ya waliolala.

Mzee Maximilian alikuja na mpiga picha.

"Mnaona?" alisema. "Wakulima wameupenda mfumo mpaka wanalala hapa."

Alibonyeza godoro la Swaumu kwa kidole kimoja, kama anavyobonyeza korosho.

"Mwakani vije vitanda vipya," alisema. "Hivi vya zamani vinaharibu picha."

Siku Zuhura mpya ilipotulia kwa muda wa kutosha, zamu ya Swaumu ilifika. Kwa sababu foleni ilikuwa ya vitanda, walikisukuma kitanda chake mpaka kwenye mizani, naye juu yake. Prisila, mpimaji, alichoma kipima unyevu kwenye gunia, akasubiri kioo cha kompyuta.

"Daraja la pili, mama."

"Kwa nini?"

Prisila aliinama asome vizuri, maana maandishi ya Zuhura mpya yalikuwa madogo.

"Mashine inasema mkulima amechelewa kuleta mzigo."

Swaumu alimsikiliza akiwa amekaa kitandani kwake, miguu ikigusa mizani.