Ukurasa wa Watoto wa Yanaloma

Tangu mlima uporomoke na kuziba barabara, mwalimu Zoila alikuwa amekwama mjini, na wanafunzi wake wamebaki kule juu kijijini Yanaloma. Walisoma kwa simu za wazazi, wamejibanza kwenye ukuta wa kanisa, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Zoila aliwafungulia ukurasa mmoja wa pamoja: mmoja akiandika, wote wanaona papo hapo. Mwanzoni walisukumana humo kama kuku kwenye punje. Sasa ukurasa ulikuwa umejaa: jinsi bibi zao wanavyokaanga shayiri na kuisaga kuwa unga uitwao machica, nani alichimba mfereji wa maji, na kwa nini mlima wao unaitwa Mama.

Leo saa sita mchana bwana Larrea wa ofisi ya elimu angeufungua. Asipoona kazi, shule ingefungwa na watoto waambiwe wasome bondeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nani angekwenda huko? Wangeishia kuchunga kondoo, basi.

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Zoila alikuwa akiusoma ukurasa kwenye simu yake, roho imesuuzika, mara mstari wa mwisho ukatoweka. Ukafuata wa juu yake. Jina la Digna, mmoja wa wanafunzi wake, lilikuwa linapanda taratibu, likifuta kila kilichokuwa mbele yake.

"Digna! We mtoto, acha!" alipiga kelele peke yake chumbani.

Alipiga simu, lakini kule juu simu za kawaida hazishiki. Akaandika ACHA kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Nayo ikafutwa.

Saa sita ilipofika akampigia Larrea. "Bwana, watoto wamefuta kwa bahati mbaya. Nikipata kompyuta narudisha yote, ni huu umeme tu."

"Mwalimu, mimi naandika ninachokiona. Hapa naona ukurasa mweupe."

"Nisubiri mpaka jioni, nakuomba."

"Jioni ripoti itakuwa imeshafika wizarani Quito. Pole, mama."

Simu ikakatwa. Zoila alikaa kitandani, hana la kufanya wala wa kumlilia. Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti, upepo wa Yanaloma ukivuma ndani yake.

"Mwalimu, wenzangu wote wameshaenda kwao. Mimi ndiye wa mwisho, kwa hiyo nimefuta ubao kama ulivyotufundisha. Hata doa halijabaki! Kuna mtukutu aliandika ACHA, nikamfuta naye."

Sheria ilikuwa ya Zoila mwenyewe: wa mwisho kutoka darasani anafuta ubao. Na Digna ndiye ambaye Zoila alikuwa akimsifu kila mara kwa kuufuta mpaka unang'aa. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umefuta vizuri."

Jibu likaja mara moja, kwa furaha.

"Kesho tunaandika nini, mwalimu?"