Mtungi wa Bi Zeyana

Waingereza husema hoja ya uongo haishiki maji, na msemo huo waliuokota kwetu Bagamoyo. Hakuna awezaye kunipinga. Mwalimu wangu wa darasa la nne tu ndiye aliyenipinga: alisema walikuwa nao hata kabla hawajaijua njia ya kuja huku, kwani chombo kinachovuja hakifai popote. Basi msemo wabaki nao, mtungi ni wetu.

Ilikuwa kabla ya Wadachi. Mwanvita, mfinyanzi wa Mkange, aliitwa mjini kwa Bi Zeyana, mke wa Mahfoudh muuza vitambaa. Mtungi aliowauzia miezi minne nyuma ulikuwa na ufa ubavuni. Barazani wamejaa wanawake wa mtaa, wateja wake wote. Wakiondoka na neno kwamba mitungi ya Mwanvita inavuja, hatauza tena hata kibungu.

"Unavuja tangu lini, Bwana?" akauliza Mwanvita.

"Tangu ulipouleta," akasema Mahfoudh. "Tukijaza asubuhi, adhuhuri mtupu."

"Nawe Bibi?"

"Mie nilikuwa Unguja kwa dada yangu. Nimerudi juzi, mtungi una ufa, na bakora ya bwana imevunjika, eti imekanyagwa na punda."

"Siku ile nilipouleta niliujaza hapahapa, juu ya majivu makavu, kama tufanyavyo kwa kila mnunuzi. Majivu yalilowa, Bwana?"

"Labda majivu yako yana adabu, hayakutaka kukuaibisha," akasema Mahfoudh, na baraza ikacheka.

Mwanvita hakucheka. Aliuinamisha mtungi penye mwanga, akaingiza kidole, akakizungusha ndani chini ya shingo. Kikatoka cheupe. Akakilamba.

"Kisima chenu kina chumvi, Bibi. Maji yakikaa humu siku nyingi, huacha mkanda mweupe pale yanapoishia. Tazama, umezunguka wote, juu kabisa. Maji yaliyokuwa yakivuja tangu siku ya kwanza yalikaaje huku juu hata yakaacha mkanda?"

Bi Zeyana akachungulia. Akaingiza kidole chake, akakilamba naye. Wanawake wote wakamtazama Mahfoudh. Bi Zeyana akamgeukia taratibu.

"Na bakora, mume wangu? Ilikanyagwa na punda kweli?"

Mahfoudh akatazama makubadhi yake.

"Nilimkosa paka," akasema.