Shati la Kijani

Dobi wa mtaa ule aliitwa Afande. Alikuwa amestaafu jeshi zamani, lakini ukiingia dukani kwake ungedhani anasubiri kukaguliwa. Mashati yalipangwa rafuni kingo kwa kingo, na nguo iliyoahidiwa asubuhi ilikuwa tayari asubuhi. Kifungo kikikatika alikishona bure, bila kuambiwa. Wateja walimpenda, hata nyumba za wageni zikawa zinamletea mashuka.

Jambo moja tu lilimkera mke wake, aliyekaa kaunta. Afande hakutaka jina la mteja liandikwe kwenye kibandiko cha nguo. Namba tu.

“Watu wana majina, baba,” mke alisema. “Iko siku na mimi utaniita Namba Saba.”

“Namba Moja,” alijibu. Mke akacheka, yakaishia hapo.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja na shati la shule la mjukuu wake, alilolichukua hapo jana. Kwapani alibana kifurushi cha kitambaa cheupe kilichogeuka manjano.

“Shikamoo, mama. Limebaki doa?”

“Marahaba, mwanangu. Doa halina. Hiki kifungo amekishona nani?”

“Mimi.”

“Na aliyelikunja?”

“Mimi pia.”

Bibi akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na shati la kijani la jeshi, limekunjwa vilevile, mikono imepelekwa mgongoni, kola imelala juu. Kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi uliozungushwa chini yake mpaka ukawa kama shingo, sawa na kile cha shati la shule.

“Nililetewa hili alipokufa mwanangu,” alisema. “Kifungo kilimkatika akiwa likizo. Akaondoka nacho mfukoni, nami namgombeza mpaka mlangoni. Shati likarudi kifungo kimeshonwa, na yeye sindano hakuijua. Miaka yote najiuliza, nani huyo aliyeketi kumshonea kifungo mtu aliyekwisha kufa? Sijalikunjua hata siku moja. Ni wewe?”

Akalitaja jina la mwanawe, akangoja.

Afande alishika ukingo wa kaunta. Wenzake walipokuwa mbele vitani, yeye aliwekwa stoo. Walipokufa alipewa nguo zao azifue, azipige pasi, zirudishwe makwao. Mwanzoni alisoma majina, na chakula kikawa hakipiti kooni. Ndipo alipoacha majina, akasoma namba za askari tu.

Mke wake alimtazama kwa macho ya kumsihi. Neno moja tu, ndiyo, na bibi wa watu angerudi kwake ametulia.

“Nilishona vingi, mama,” alisema Afande. “Huenda na hiki ni changu. Majina sikuyatazama. Ningeyatazama, ile kazi ingenishinda.”

“Kwa hiyo hukumjua.”

“Sikumjua.”

Bibi akakigusa kifungo cha pili. “Na vifungo je? Nani alikutuma?”

“Hakuna. Sikutaka mama apokee shati lenye pengo.”

Bibi alilipapasa lile shati kwa muda mrefu, kisha akalisukuma upande wa Afande. “Lifue, basi. Limeanza kuliwa kwenye mikunjo.”

Alilifua kwa mikono, mbali na nguo nyingine. Bibi alikaa kwenye benchi mpaka likakauka. Mke wa Afande alimletea chai, akaikuta imepoa haijaguswa, akamletea nyingine.

Baada ya pasi, Afande alichukua mkono wa kulia wa shati aupeleke mgongoni. Vidole vikagoma. Akajaribu tena. Mke wake akatoka kaunta, akampa hanga.

“Hili silikunji tena, mama,” Afande alisema, akalitundika kwenye hanga. “Nitajie lile jina.”

Bibi akalitaja. Afande akalirudia polepole, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya mpaka akalimaliza.

Bibi akatoka ameinua hanga juu ya bega, shati lisiguse vumbi. Mikono ya shati ilipepea pembeni yake njia nzima. Afande alisimama mlangoni, wima, mpaka wakakata kona.