Koti la Fundi Kimya

Dada wa kampeni ya urais alimkuta mjane amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anachana mashati makuukuu. Vipande hivyo huwauzia mafundi magari, wafutie oili. Ndiyo kazi iliyobaki tangu kiwanda cha nguo kifungwe. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, amekifunga kwa kitambaa hicho hicho. Hakuinuka. Alisema karibu, akasukuma rundo kwa goti ili mgeni apate pa kukanyaga.

Mgeni hakulitazama rundo. Alitazama koti la kazi la buluu lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Ndilo lile, mama?"

"Ndilo."

"Tutalihitaji kesho. Mheshimiwa atalishika jukwaani."

Koti lile lilikuwa halijaguswa na maji tangu mwenyewe afariki, mwaka wa tatu huu. Kola ilishika jasho lake, mikono ilishika grisi, na ndani ya mfuko wa kushoto mlikuwa na donge la pamba alilokuwa akilichuna kuziba masikio. Kila dunia ilipomwelemea, mjane alifunga mlango, akaingiza uso ndani ya koti, akavuta pumzi. Halikuwa jambo la kumweleza mtu.

Marehemu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Wenzake walimwita Kimya, na wala hakuwa mtu wa kukosa maneno. Mle kiwandani mitambo mia mbili ilinguruma kwa pamoja, ukipiga yowe unajichosha bure. Watu walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, kila mmoja akisoma mdomo wa mwenzake. Kimya alikuwa bingwa wao. Alikutania kutoka ncha ya pili ya ukumbi, ukacheka hadi uzi ukakukatikia mkononi. Mjane, wakati huo msichana wa kusokota nyuzi, alitongozwa hivyo hivyo, mbele ya macho ya msimamizi, na msimamizi asijue kitu.

Kisha kiwanda kikafungwa. Serikali ikatoa tamko redioni: kiwanda kimeuawa na wafanyakazi wezi, wamebeba nyuzi hadi zimekwisha. Tamko halikumtaja mtu, kwa hiyo liliwapata wote. Kimya, fundi wa miaka ishirini na sita, alibisha hodi kila karakana mjini. Walimpa kiti, walimpa maji, kisha wakawa wanaitazama mikono yake. Binti yake akarudi kutoka shule na jina jipya, Mtoto wa Mwizi. Miaka miwili Kimya alikaa kwenye kigoda mlangoni, akikonda, mpaka siku moja hakuamka. Makaburini, mtu mmoja aliyesimama nyuma alimnong'oneza mwenzake kwamba wamwangalie vizuri asije akaiba sanda. Alinong'ona, lakini mjane aliuona mdomo wake.

"Atasema hakuwa mwizi?" aliuliza sasa.

"Atasema, mama. Mbele ya nchi nzima."

Mjane aliinuka, akalitoa koti kwenye msumari kwa mikono miwili.

"Basi chukueni. Ila msilifue."

"Wala usiwe na wasiwasi."

Kesho yake asubuhi uwanja ulijaa pomoni. Mjane na binti yake walikalishwa mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki. Mgombea alipanda jukwaani amekunja mikono ya shati. Huyu alikuwa waziri wa fedha wa Rais huyo huyo ambaye sasa yeye mwenyewe anataka kumng'oa, na watu walijua.

"Ndiyo, nilikuwa serikalini," alisema. "Nilipiga kelele peke yangu!"

"Ulipiga kelele umefunga mdomo!" mtu alidakia kutoka nyuma, uwanja ukaangua kicheko. Mgombea naye alicheka, akangoja kipungue, kisha akaliinua koti juu.

"Rais ameua uchumi wenu. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, akafunga kiwanda kilichowalea. Mwenye koti hili aliitwa mwizi, akafa na jina hilo. Leo mimi nasema, hakuwa mwizi! Mwizi ni yule aliyefunga lango!"

Uwanja ulitikisika. Binti alimshika mama yake mkono kwa nguvu hadi kidole kile kibovu kikatoa damu, wala hakuna aliyesikia maumivu. Mjane alilia wazi, bila kujifunika, kwa namna ambayo hakuwahi kulia hata siku ya kuzika.

Binti alirudi nyumbani na majirani. Mjane aliambiwa asubiri. Mheshimiwa ana chakula cha mchana na wafanyabiashara, koti linahitajika kidogo, halafu gari litampeleka.

Hotelini alikalishwa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango mpana wa kioo. Kioo kilikuwa kizito. Ndani vijiko vilikwenda na kurudi bila mlio. Waandishi wa habari walikuwa wamezuiwa getini. Alikaa pale kwa saa moja, zikawa mbili, hadi mgombea aliposimama kando ya meza akaanza kusema.

Mjane hakukusudia. Macho yalikwenda yenyewe mdomoni, kama yalivyozoea.

"...nyinyi mnanifahamu," midomo ilisema. "Kiwanda kile nilikifunga mimi. Waraka niliuandika mimi. Rais alitia saini tu, tena mkono unamtetemeka."

Akageukia dirishani, maneno yakapotea. Akarudi.

"...kosa lake ni kuchelewa kukifunga. Miaka minne mizima alilisha wezi kwa kodi zenu."

Mhudumu aliingia na koti kwenye hanga. Lilikuwa buluu nyangavu, mjane akadhani ni jingine, hadi alipoona kiraka alichoshona mwenyewe kwenye kiwiko. Mgombea alilipokea, akaingiza mkono mfukoni hadi kifundo cha mkono, akautikisa.

"Angalieni mifuko ilivyo mirefu. Mnadhani ilikuwa ya nini?"

Wageni walicheka. Sauti haikufika, alichoona ni meno.

Mjane alikuwa amekwisha inuka, kiganja kiko kwenye kioo. Dada wa kampeni alimwahi.

"Mama, humo ni kwa waalikwa."

"Amesema waliiba."

"Nani?"

"Yeye. Na kiwanda amesema alikifunga yeye."

Dada alitazama mlango, akamtazama mjane.

"Umesikia?"

"Sikusikia. Nimeona."

"Mama yangu, maneno hayaonekani." Alisema kwa upole, akimshika bega. "Hiyo ni njaa, hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ngoja nikuletee soda."

"Asubuhi alisema..."

"Asubuhi alisema, na nchi nzima imesikia. Shika hilo. Ukienda huko kusema umesoma mdomo wa mtu nyuma ya kioo, watakuitaje? Na marehemu wako nani mwingine atamsemea?" Alishusha sauti. "Fikiria na yule binti, mama."

Mjane alikaa. Soda ililetwa, na baadaye koti, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Tumelifua na kulipiga pasi. Najua ulikataa, lakini lilikuwa linanuka, na watu wanakula pale."

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Chumba kilijaa watu. Jirani muuza mkaa, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kumkopesha hata kiberiti, alikuwa ameleta kikombe cha sukari. Yule bwana wa makaburini naye alikuwapo, amekaa kwenye kigoda cha Kimya.

"Mimi nilisema siku zote," alitangaza. "Kimya alikuwa mtu safi."

Redio ilikuwa inarudia hotuba ya asubuhi. Binti alikuwa ameivaa sare ya shule, jioni ile, bila sababu, anazunguka nayo chumbani.

"Mama, umesikia wanavyorudia? Kesho napita katikati ya uwanja wa shule. Katikati kabisa. Nani ataniita tena?"

Mjane alipita katikati yao hadi kwenye msumari. Alipasua nailoni, akaingiza uso ndani ya koti. Sabuni ya maua. Akajaribu kola, akajaribu kwapa. Sabuni ya maua. Akatia mkono mfuko wa kushoto. Pamba ilikuwa imejikunja na kukauka, ngumu kama kokoto.

Alilitundika. Akageuka, akamtazama binti yake ng'ambo ya chumba, akamwambia yote: kioo, waraka, mifuko, meno. Alimwambia neno kwa neno, kwa midomo tu, kama walivyokuwa wakisema mle ndani mitambo inaponguruma.

"Unasema nini, mama?" binti aliuliza, akicheka. Kisha akaongeza sauti ya redio, kwa sababu pale pazuri pa hotuba palikuwa panakaribia.